Ndoa na Harusi: Namna ya Kuandaa Sherehe Iliyo Yenu Pasipo Kuahirisha Sakramenti



Mavuno yanapokwisha katika nyanda za juu za Ufipa, mahindi yakiwa ghalani na maharage yakiwa yamekwisha kupigwa na kupepetwa, ndipo harusi huanza. Tangu Juni hadi Oktoba matangazo ya ndoa husomwa makanisani Dominika baada ya Dominika. Lakini katika majira hayo hayo wapo vijana wanaoketi kwenye mabenchi ya nyuma, wakisikiliza majina ya wenzao na kuambiana kwa sauti ya chini: “Sisi mwakani.” Mwakani hufika, na neno huwa ni lile lile. Ukiwauliza wanakosa nini, hawatasema kwamba wamepungukiwa upendo, wala kwamba wazazi wamekataa. Watasema hawana uwezo wa kufanya harusi.

Katika makala hii tunapenda kuzungumza na vijana hao, na wazazi wao, na kamati zao. Tunapenda kuonesha kwamba harusi yaweza kuwa ya pekee, yenye sura ya wawili wanaooana na ya mahali walipozaliwa, na kwamba harusi ya namna hiyo aghalabu huwa nyepesi kuliko ile tunayoiiga kwa wengine.

Maneno mawili, mambo mawili

Kiswahili kimetujalia maneno mawili ambayo hatuna budi kuyatofautisha. Ndoa ni agano; harusi ni shangwe ya agano hilo. Ndoa hudumu mpaka kifo. Harusi huisha jioni, viti vikarudishwa kwa mwenye navyo. Tatizo letu la siku hizi ni kwamba tumeifanya harusi kuwa mlango wa ndoa, na ufunguo wa mlango huo tumeukabidhi mwenye ukumbi.

Kanisa linadai nini ili ndoa iwe ndoa? Sheria za Kanisa, Kanuni ya 1057, zinafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wahusika wenyewe, iliyotolewa kihalali, wala hakuna mamlaka ya kibinadamu yanayoweza kutia kitu kingine mahali pake. Kanuni ya 1108 inaongeza kwamba ridhaa hiyo itolewe mbele ya mhudumu wa Kanisa mwenye mamlaka, pamoja na mashahidi wawili. Kabla ya hapo hutangulia mafundisho, hati za ubatizo na matangazo ya ndoa. Kwa upande wa Serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe siku zisizopungua 21 kabla.

Orodha imekwisha. Humo hamna keki, wala ndafu, wala sare za kamati, wala msafara wa magari. Hata shela haimo. Tena Kanuni ya 848 inamwagiza mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka halali, na ahakikishe kwamba mhitaji hanyimwi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kijana asiye na fedha anayo haki ya kufunga ndoa sawa na mwenye nazo.

Hatusemi haya ili kuifuta shangwe. Bwana wetu Yesu Kristo alikwenda harusini Kana, na divai ilipowatindikia wenyeji hakuwaambia wageni waende zao. Alizitumia balasi sita za mawe zilizokuwapo pale pale. Tunachosema ni kwamba kila kisichodaiwa na agano ni eneo la uhuru wenu. Hapo ndipo ubunifu unapoanzia.

Gharama ya kungoja

Kwanza tutazame hasara ya kungoja, kwa maana watu huhesabu gharama ya harusi lakini hawahesabu gharama ya kuikosa ndoa. Wengi wanaoahirisha huanza maisha ya pamoja yale ambayo mitaani huitwa “sogea tukae”. Watoto huzaliwa, nyumba hujengwa, shamba hulimwa, na wawili hao huwa mume na mke machoni pa majirani. Lakini wakati wa Komunyo wao hubaki wameketi. Wapo waliobaki hivyo mpaka wakazoea. Na anayezoea kukaa na njaa ya Ekaristi Takatifu mwisho husahau kwamba ana njaa.

Kuna na hasara ya kidunia. Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 160, inampa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na kujulikana hivyo kwa watu, dhana ya kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo yaweza kukanushwa. Mume akifa, mwanamke aliye kwenye majonzi hujikuta akitakiwa kuthibitisha mbele ya ndugu wa marehemu, na pengine mbele ya mahakama, kwamba alikuwa mke. Mwenye cheti cha ndoa hatakiwi kuthibitisha hivyo. Karatasi ile ambayo ingepatikana bila kukodi kiti hata kimoja ingemlinda yeye na wanawe.

Ubunifu ndani ya ibada

Vijana wengi hudhani kwamba ubunifu ni mambo ya ukumbini tu, na kwamba kanisani kila kitu kimekwisha kupangwa. Sivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia Takatifu, uliagiza kwamba desturi njema za mahali kuhusu adhimisho la ndoa zihifadhiwe. Ibada yenyewe inawaachia wachumba mambo mengi ya kuchagua, ambayo wengi hawayatumii kwa kuwa hawajayauliza.

Chagueni masomo yenu wenyewe. Kitabu cha masomo ya ndoa kina orodha ndefu. Wapo watakaojiona katika sala ya Tobia na Sara, ambao usiku wa harusi yao walianza kwa kusimama na kumwomba Mungu. Wapo watakaopenda mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, hasa kama wanaanza maisha katika chumba cha kupanga. Someni masomo hayo pamoja jioni kadhaa kabla ya kuamua. Jioni hizo zitawafaa kuliko vikao vingi vya kamati.

Jifunzeni maneno ya ridhaa kwa moyo. Wengine hutuuliza kama wanaweza kutunga viapo vyao. Maneno ya ridhaa ni ya Kanisa zima wala hayabadilishwi; lakini anayeyatamka bila kuongozwa neno kwa neno, akimtazama mwenzake machoni, huyafanya kuwa yake kweli. Yale ambayo kila mmoja angependa kumwambia mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, na ayaandike katika barua na kuyasoma nyumbani, mbele ya wazazi na Jumuiya. Barua hiyo itunzwe. Siku ya ugomvi wa kwanza itakuwa na kazi.

Ingieni pamoja na wazazi wa pande zote mbili. Desturi ya baba kumkabidhi binti mbele ya altare tumeiona katika filamu. Haimo katika ibada yetu. Maandamano ya ndoa ya Kikatoliki yanaruhusu bwana na bibi harusi kuingia pamoja, wakisindikizwa na wazazi wao na mashahidi. Kwa watu wetu, ambao kwao ndoa ni muungano wa koo mbili, picha hiyo ni ya kweli zaidi: baba na mama wa huku, baba na mama wa kule, wote wakielekea altareni mwa Bwana.

Toeni vipaji vya nchi yenu. Katika maandamano ya vipaji, pamoja na mkate na divai, pelekeni maharage, mahindi na ulezi vya shamba lenu au la wazazi, kisha vipelekwe kwa wagonjwa na wasiojiweza wa parokia. Sala ya waamini nayo yaweza kuandaliwa na wachumba wenyewe kwa kushauriana na padre. Waombeeni marehemu wa familia zenu, na waombeeni pia wenzenu ambao bado hawajapata njia ya kufunga ndoa.

Mahali na siku

Baadhi ya vijana hutamani kufungia ndoa mahali penye mandhari: ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kule Kasanga, au juu ya maporomoko ya Kalambo, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200. Kanuni ya 1118 inaelekeza kwamba ndoa ya Wakatoliki ifungwe katika kanisa la parokia. Kuifungia mahali pengine pasipo kanisa wala kikanisa ni jambo la ruhusa ya Askofu. Kwa hiyo Kalambo iwe ya matembezi na ya picha, siku nyingine yoyote.

Lakini Kanuni hiyo hiyo inafungua mlango ambao wachache huupitia: kwa ruhusa ya Paroko, ndoa yaweza kufungwa katika kanisa jingine au kikanisa. Maana yake ni kigangoni kwenu. Fikirini juu ya kijana aliyezaliwa kijijini, akabatizwa katika kikanisa cha matofali ya kuchoma chini ya Milima ya Mbizi au kule bondeni Rukwa, ambaye leo hutumia fedha nyingi kuwasafirisha ndugu zake kwenda mjini Sumbawanga ili waketi katika ukumbi wa mgeni. Padre akienda kigangoni, bibi mzee asiyeweza kupanda gari ataiona ndoa ya mjukuu wake. Katekista aliyemfundisha sala za kwanza atakuwapo. Na njia ya kutoka nyumbani hadi kanisani itapitwa kwa miguu, kwaya ikitangulia na akina mama wakipiga vigelegele. Hakuna msafara wa magari unaoweza kuipita furaha hiyo.

Siku nayo si lazima iwe Jumamosi. Ndoa yaweza kufungwa katika Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, au katika Misa ya Dominika pamoja na waamini wote, kwa kufuata taratibu za liturujia ya siku husika. Anayefunga ndoa Dominika hana haja ya kuwakodia watu magari, maana watu wamekwisha kufika. Jambo la kuzingatia ni majira: katika Kwaresima shangwe hupunguzwa kwa heshima ya kipindi, na Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu ndoa haziadhimishwi kabisa.

Sherehe yenye harufu ya nyumbani

Waswahili wana methali juu ya yule anayemwiga tembo. Mwisho wake mnaujua, nasi hatuna haja ya kuumalizia hapa. Harusi nyingi zinazofilisi familia ni za kuiga. Tuanze basi na kilichopo.

Kipo chakula. Nchi inayolisha mikoa mingine haina sababu ya kuona haya mbele ya wageni. Ugali wa ulezi, maharage ya Ufipa, kuku wa kienyeji, migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na togwa kwa wote: mgeni aliyesafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam atakikumbuka chakula hicho kuliko pilau aliyoila katika kila harusi ya mwaka huo. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikipewa chungu kimoja cha kupika, gharama hugawanyika na mikono huwa mingi.

Upo mwanga wa mchana. Usiku wa Juni na Julai Ufipa ni baridi kali, na sherehe ya usiku hudai ukumbi, taa, jenereta na usafiri wa kurudi. Sherehe ya kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni, chini ya maturubai katika uwanja wa nyumbani au wa kigango, haidai hayo yote, na watoto na wazee hurudi makwao salama.

Yapo mavazi. Gauni la kukodi huvaliwa saa chache na kurudishwa. Kitenge kizuri kilichoshonwa na fundi wa hapo hapo huvaliwa tena siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza, na katika kila ukumbusho wa ndoa.

Zipo kumbukumbu za mababu. Ufipa ilisifika kwa wafua chuma wake. Tanuri zao ndefu za udongo, malungu, ziliyeyusha chuma pasipo mivukuto, na jembe lililofuliwa kutokana na chuma hicho lilikuwa mali ya thamani. Mahali pa sherehe ya kukata keki, wazazi wa pande mbili waweza kuwakabidhi wana wao jembe na mbegu, wakiwaombea baraka. Na kama harusi inaangukia miezi ya mvua, kila mgeni apewe mche wa tunda akaupande kwake. Mwaka 2015, katika Waraka wake “Laudato Si’”, Baba Mtakatifu Fransisko alituhimiza kuitunza nyumba yetu ya pamoja. Harusi ni mahali pazuri pa kuanzia.

Yapo pia mafundisho ya wakubwa. Kicheni pati na sendofu zimekuwa harusi mbili kabla ya harusi. Kwa nini zisigeuzwe jioni moja ya mafundo ya kweli? Akina mama wa WAWATA waketi na binti, na akina baba wa UWAKA waketi na kijana, maana yeye mara nyingi huachwa aende ndoani bila kufundwa na mtu yeyote.

Kamati, michango na mahari

Mchango wa harusi asili yake ni wema: ndugu wanamshika mkono anayeanza safari. Umeharibika pale ulipogeuka kuwa deni, jina la asiyetoa likisomwa katika kundi la WhatsApp na kadi yake ikizuiwa. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, bajeti ifuate kilichopo mkononi, wala si ahadi. Pili, aliyekosa fedha alete nguvu zake: kuni, maji, sauti ya kuimba. Tatu, sehemu ya michango itengwe mapema kwa ajili ya maisha yatakayofuata, iwe mabati, mifuko ya mbolea au bima ya afya ya familia mpya. Kamati inayowakabidhi maharusi mbolea ya msimu wa kwanza imewapa harusi itakayowalisha mwaka mzima.

Wasimamizi nao wasichaguliwe kwa ukubwa wa mfuko. Wachagueni mume na mke ambao ndoa yao mngependa kuwa nayo. Watakuwa mlango wa kwanza mtakaoubisha siku mambo yakiwa magumu.

Kwa wazazi tuna ombi moja la unyenyekevu. Mahari ni shukrani na ushuhuda wa heshima. Wafipa, Wamambwe, Walungu na makabila mengine tunaoishi pamoja tunaithamini. Lakini mahari inapogeuka bei, huwafukuza vijana altareni na kuwarudisha kwenye “sogea tukae”. Sheria ya Ndoa inatamka kwamba kutotimizwa kwa desturi ya mahari hakubatilishi ndoa. Basi iliyobaki na ilipwe polepole, wana wakiwa tayari ndani ya sakramenti.

Kufunga ndoa pamoja

Kuna njia moja ambayo wengi huiona kuwa ya wanyonge, nasi tunaiona kuwa na utukufu wa pekee: ndoa za pamoja. Jozi tano, kumi au zaidi husimama katika Misa moja, kila jozi ikitoa ridhaa yake, na parokia nzima huandaa meza moja. Wengine ni vijana. Wengine ni wazee walioishi pamoja miaka mingi, na wajukuu wao ndio wanaobeba maua. Wanaoadhimisha miaka 25 au 50 ya ndoa wanaweza kurudia ahadi zao katika Misa hiyo hiyo, ili wanaoanza waone mahali njia inakofika. Hapo hakuna anayelinganisha keki yake na ya jirani.

Ujasiri wa kuwa tofauti

Katika Wosia wake wa Kitume “Amoris Laetitia”, yaani Furaha ya Upendo ndani ya familia, uliotolewa mwaka 2016, hayati Baba Mtakatifu Fransisko aligusa jambo hili hili katika aya ya 212. Aliona jinsi maandalizi ya sherehe yanavyomaliza fedha na nguvu za wachumba hata wakafika siku yenyewe wamechoka. Akawatia moyo wawe na ujasiri wa kutofuata mkumbo, wakichagua sherehe ya kiasi ili upendo uchukue nafasi ya kwanza. Anayefunga ndoa kwa unyofu, kumbe, hajapungukiwa. Ametangulia.

Historia ya Kanisa la kwetu inatufundisha vivyo hivyo. Tabibu na katekista Adrian Atiman, aliyefika pwani ya Ziwa Tanganyika pamoja na wamisionari katika karne ya 19 na kuhudumu Karema hadi alipofariki mwaka 1956, alikuwa mume na baba wa familia, na mwanaye Yosefu akawa padre. Hakuna anayeuliza leo harusi yake ilikuwa na wageni wangapi. Tunayaona matunda.

Basi, kijana unayesema “mwakani”, juma hili mwende wawili kwa katekista au kwa Paroko wenu. Msiulize bei ya ukumbi. Ulizeni mafundisho ya ndoa yanaanza lini, na hati zipi zinahitajika. Mkiisha kuandikisha majina, rudini nyumbani, keti na wazazi, na mpange harusi kwa kile ambacho Mungu amewajalia msimu huu. Kama ni debe la maharage na kuku wawili, andaeni hivyo, na mtualike. Tutakuja.

Mama Bikira Maria, aliyekuwapo Kana na kuona kilichopungua kabla wenyeji hawajaaibika, awaombee.